Kuhamisha programu yenye nyuzi kutoka Windows kwenda Linux: hatua, mitego na dawa zake

Programu yenyewe ilikuwa ya mizani ya malori. Lori linapanda, uzito unasomwa kupitia waya wa RS-232, unaingia kwenye hifadhidata, risiti inachapwa, dereva anaondoka. Iliandikwa kwa C++ miaka mingi nyuma kwa ajili ya Windows, na mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Mimi niliombwa niihamishie kwenye vibao vya Raspberry Pi vinavyotumia Linux, kwa sababu kompyuta za mezani zilikuwa zinakufa kwa vumbi na joto.

Siku ya tatu ikakompailiwa bila onyo hata moja. Nikatamba. Lori la kwanza lilipopanda, programu ikaganda. Nilipoponya hilo, baadhi ya vipimo vikawa vinapotea njiani. Nilipoiweka ndani ya kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) ya Alpine, aina ndogo ya Linux, ikaanguka kabla hata ya kusoma chochote. Na mambo yalipotulia, mara mojamoja baada ya siku kadhaa, risiti ilitoka na uzito wa lori lililotangulia.

Makosa manne, na kompaila haikuona hata moja. Yote yalikuwa na mzizi mmoja: mwandishi wa kwanza aliegemea mambo ambayo Windows ilikuwa ikimfanyia kimyakimya, na Linux haikuwahi kuahidi kuyafanya. Kubadili majina ya fankisheni ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kuzitafuta hizo ahadi za kimyakimya na kuziandika waziwazi kwenye msimbo.

Nikisema uzi, ninamaanisha mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya prosesi (programu inayoendeshwa), ule ambao wengi wetu tukiongea tunauita thredi. Nyuzi za prosesi moja hugawana kumbukumbu, ila kila uzi una staki yake, yaani eneo la kumbukumbu la vigeu vya muda vya fankisheni zake.

Kwanza, ujue unatoka wapi

Windows NT ilitoka mwaka 1993 ikiwa na nyuzi ndani ya kerneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji) tangu mwanzo. Unix ilizaliwa bila nyuzi. Zilikuja baadaye, na kiwango cha nyuzi cha POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix), chenye fankisheni za pthread, kikakamilika mwaka 1995. Hapo katikati kila mtengenezaji alijaribu lake. Solaris, na baadaye FreeBSD, zilipanga nyuzi nyingi za programu juu ya nyuzi chache za kerneli. Solaris 9 iliachana na mpango huo mwaka 2002, na FreeBSD 7 ikafuata mwaka 2008, zote zikahamia kwenye uzi mmoja wa programu kwa uzi mmoja wa kerneli. Linux nayo, kabla ya NPTL, mfumo wake wa nyuzi wa leo, kuingia mwaka 2003, ilitumia LinuxThreads, ambamo kila uzi ulikuwa na namba yake ya prosesi: ukiita getpid kwenye nyuzi mbili, unapata majibu mawili.

Historia hii ina faida moja tu kwako. Msimbo wa zamani una masalia yake. Ukikuta pthread_setconcurrency, au getpid inayotumika kutambua uzi, futa bila huruma. Leo Windows, Linux, macOS na FreeBSD zote zinatumia mpango uleule wa mmoja kwa mmoja, na ndiyo maana watu hudhani tofauti zimekwisha. Zimehamia tu mahali pengine.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kitu kinachogusa nyuzi

Usiandike mstari hata mmoja kwanza. Tumia grep kutafuta CreateThread, _beginthreadex, CRITICAL_SECTION, CreateMutex, CreateEvent, WaitForSingleObject, WaitForMultipleObjects, Interlocked, TerminateThread, SuspendThread, SetThreadPriority, Sleep na volatile. Weka kila tokeo kwenye jedwali, na pembeni yake jibu swali moja: mwandishi alikuwa anategemea nini hapa? Programu ya mizani ilinipa matokeo 61. Kazi hiyo ilikula siku nzima, na ilistahili kula mbili.

Hatua ya 2: Chagua tabaka la kuandikia

Kwa C++ mimi huchagua std::thread na std::mutex za C++11, kwa sababu msimbo huohuo utaendelea kukompailiwa Windows na utaweza kulinganisha. Kwa C, tumia pthread moja kwa moja. Kuna threads.h ya C11, lakini ni ya hiari katika kiwango chenyewe na macOS haina, kwa hiyo kama unafikiria kufika huko, iache.

Kasoro moja ya std::thread uijue mapema: haikupi njia ya kuchagua ukubwa wa staki. Tutalirudia hili kwenye hatua ya 5, na hapo utaona kwa nini nyuzi mbili kati ya tatu za mizani niliziandika kwa pthread_create.

Hatua ya 3: Kufuli zinazofungwa mara mbili

Hapa ndipo programu yangu iliganda. Kufuli (mutex) huhakikisha ni uzi mmoja tu kwa wakati unaogusa data fulani. CRITICAL_SECTION ya Windows inaruhusu uzi ambao tayari umeshika kufuli uifunge tena. Mfumo unahesabu tu, na utafungua mara mbili. Kufuli ya kawaida ya pthread kwenye Linux haifanyi hivyo. Uzi ukiifunga mara ya pili unajisubiri wenyewe, na utajisubiri mpaka umeme ukatike. std::mutex ni hivyohivyo.

Kwenye mizani, fankisheni ya kuhifadhi ilifunga kufuli, ikaita fankisheni ya kuandika kumbukumbu za matukio, nayo ikafunga kufuli ileile. Kwa miaka yote Windows ilikuwa ikilisamehe hilo.

Dawa ya haraka ni PTHREAD_MUTEX_RECURSIVE au std::recursive_mutex. Itumie kuvuka mto, usijenge nyumba juu yake. Sababu ni kwamba kufuli ya aina hii haipatani na kusubiri: pthread_cond_wait huachia ngazi moja tu ya kufuli, kwa hiyo ukiingia kwenye kusubiri ukiwa umefunga mara mbili, hakuna uzi mwingine utakaoweza kuingia kukuamsha. Gawa fankisheni ziwe mbili: ya nje inayofunga, na ya ndani inayodhani kufuli imeshafungwa. Mimi huipa ya ndani jina linaloishia na _ndani, ili anayesoma ajue.

Kama programu inatumia CreateMutex yenye jina ili kugawana kufuli kati ya prosesi mbili, jua kwamba Windows hukuambia pale mwenye kufuli alipokufa bila kuifungua. Linux hufanya hivyo iwapo tu umeomba kufuli ya aina ya PTHREAD_MUTEX_ROBUST. macOS haina kabisa.

Hatua ya 4: Matukio ya Windows si vigeu vya sharti

Kama una muda wa hatua moja tu, utumie hapa.

Tukio la Windows na kigeu cha sharti cha pthread vyote ni njia za uzi mmoja kuuamsha mwingine. SetEvent, inayoinua tukio, ni kama kuacha barua mlangoni. Mwenyeji awe ameketi anasubiri au awe sokoni, akirudi ataikuta. pthread_cond_signal, ya kigeu cha sharti, ni kama kupiga hodi: kama hakuna mtu ndani wakati ule, hodi yako imepotea na hakuna atakayejua ulifika. Nilibadilisha SetEvent kuwa pthread_cond_signal na WaitForSingleObject kuwa pthread_cond_wait, moja kwa moja, na vipimo vikaanza kupotea kila uzi wa hifadhidata ulipokuwa bado unahangaika na lori lililopita.

Barua yenyewe inabidi uitengeneze wewe, iwe kigeu cha kawaida kinacholindwa na kufuli:

pthread_mutex_lock(&kufuli);
while (!kuna_uzito)
    pthread_cond_wait(&sharti, &kufuli);
kuna_uzito = 0;
pthread_mutex_unlock(&kufuli);

Upande wa pili hufunga kufuli, huweka kuna_uzito kuwa 1, hupiga hodi, hufungua. Hapo pana while, wala si if, kwa sababu POSIX inaruhusu uzi uamke bila kuamshwa na mtu.

Kuna la pili. Tukio la Windows la kujirudisha lenyewe (auto-reset) halihesabu. SetEvent ikiitwa mara mbili kabla ya msikilizaji kuamka, anaamka mara moja tu. Mwandishi wa zamani aliliepa tatizo hili kwa bahati, kwa kuwa malori hayakuwa yakipandana. Badala ya kuiga bahati yake, weka foleni na msikilizaji aimalize yote kila anapoamka.

WaitForMultipleObjects ndiyo ngumu kuliko zote. Inasubiri hadi vitu 64 vya aina tofauti kwa pamoja: tukio, kufuli, uzi mwingine kufa, faili. POSIX haina kinacholingana nayo. Kwenye Linux, geuza kila kitu kiwe faili inayosomeka: eventfd kwa matukio, timerfd kwa saa, signalfd kwa ishara, kisha usubiri zote kwa poll au epoll. macOS haina eventfd. Tumia paipu au kqueue. Usijione mzembe ukihangaika nayo. Wanaoendesha michezo ya Windows juu ya Linux kupitia Wine walihangaika nayo miaka mingi, mpaka Linux 5.16 ikaongezewa futex_waitv, na Linux 6.14 ya mwaka 2025 ikapata dereva kamili iitwayo ntsync, ambayo kazi yake ni kuiga kusubiri kwa mtindo wa NT.

Hatua ya 5: Pima staki

Uzi mpya kwenye Windows hupewa staki ya MB 1 usipotaja kiasi. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) hufuata kile unachokiona kwenye ulimit -s, ambacho kwa kawaida ni MB 8. Uzi wa pili na kuendelea kwenye macOS hupata KB 512. Alpine, ambayo hutumia maktaba ya musl badala ya glibc, hutoa KB 128.

Fankisheni ya kusoma mizani ilikuwa na bafa ya KB 256 iliyotangazwa ndani ya fankisheni, yaani juu ya staki. Windows iliitosha. Kwenye Raspberry Pi OS ilitosha na kusaza. Kwenye kontena ya Alpine ilikufa papo hapo kwa SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, bila neno lolote la kueleza kwamba staki imejaa. Nilipoteza nusu siku nikishuku dereva ya waya.

Kompaili kwa -Wframe-larger-than=16384 na GCC au Clang itakutajia kila fankisheni inayokula zaidi ya baiti 16,384 za staki. Bafa kubwa zihamishie kwenye std::vector. Zinazobaki, taja ukubwa kwa pthread_attr_setstacksize. Kama huwezi kugusa msimbo, labda ni maktaba ya mtu mwingine, musl huheshimu agizo la linka -Wl,-z,stack-size=1048576.

Hatua ya 6: Prosesa nayo ina tabia zake

Hili si kosa la mfumo wa uendeshaji, lakini mara nyingi vinahama pamoja: unatoka Windows ya x86 (prosesa za Intel na AMD), unaingia Linux ya ARM (kama ile ya Raspberry Pi). Waliohamisha programu zao kwenda Mac zenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, walikutana na jambo hilohilo.

Uzi wa kusoma ulikuwa unaandika uzito kwenye kigeu, kisha unainua bendera ya volatile (neno linaloiambia kompaila isiruke kusoma wala kuandika kigeu hicho). Uzi wa risiti unazunguka ukitazama bendera. Ikiinuka, unasoma uzito. Kwenye x86, maandishi mawili ya uzi mmoja huonekana kwa wengine kwa mpangilio yalivyoandikwa. ARM haitoi ahadi hiyo. Uzi wa risiti unaweza kuona bendera imeinuka huku uzito ukiwa bado ni wa zamani. Ndiyo ile risiti ya lori lililotangulia: hutokea mara moja kati ya maelfu, na haitokei kamwe ukiwa umekaa unaitazama.

volatile haikusaidii. Iliwadanganya wengi kwa sababu kompaila ya Microsoft, inapolenga x86, huipa volatile nguvu zaidi ya zile za kiwango cha C++. Bendera igeuze iwe std::atomic<bool>, ukiandika kwa memory_order_release na kusoma kwa memory_order_acquire. Kama maneno hayo yanakutia kizunguzungu, acha mpangilio wa kawaida wa std::atomic, ambao ndio mkali kuliko yote. Gharama yake kwenye programu ya mizani hutaiona.

Hatua ya 7: Muda na kipaumbele

Sleep(1) kwenye Windows, kwa mipangilio ya kawaida, huweza kulala karibu milisekunde 15.6, kwa sababu saa ya mfumo hupiga mara 64 kwa sekunde. Linux hulala milisekunde moja na ushee. Kitanzi kilichokuwa kinakagua waya mara 64 kwa sekunde sasa kinakagua karibu mara elfu, na kibao kinachemka. Ondoa kitanzi, subiri kwa poll.

Muda wa kukata tamaa una mtego wake. Windows huuliza nisubiri milisekunde ngapi. pthread_cond_timedwait huuliza nisubiri mpaka saa ngapi, na usipoiambia vingine hutazama saa ya ukutani. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Inawaka ikidhani bado ni ile siku ilipozimwa, kisha intaneti ikipatikana saa inaruka mbele. Kila uzi uliokuwa unasubiri huona muda wake umekwisha kwa mkupuo. Nenda kwenye pthread_condattr_setclock na uchague CLOCK_MONOTONIC. Kwenye macOS fankisheni hiyo haipo, kuna pthread_cond_timedwait_relative_np.

Kuhusu SetThreadPriority, karibu kila mara jibu ni kuifuta. Nyuzi za kawaida za Linux zina ngazi moja tu ya kipaumbele kwa mtazamo wa pthread, na SCHED_FIFO (mpango wa kipaumbele cha wakati halisi) inataka ruhusa maalumu. Ukiihitaji kweli, weka PTHREAD_PRIO_INHERIT kwenye kufuli zake, ili uzi ulioshika kufuli urithi kipaumbele cha unaoisubiri. Chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kikijiwasha upya huko Mars mwaka 1997 kwa kukosa jambo la namna hiyo: uzi wa chini ulishika kufuli, wa kati ukaukalia, wa juu ukangoja. Wahandisi walikirekebisha wakiwa duniani.

Hatua ya 8: Kuua nyuzi, kuzaa prosesi, kupokea Ctrl-C

TerminateThread ilikuwa mbaya hata huko Windows. Usiitafutie mbadala. pthread_cancel inaonekana kufanana, ila Android haina, na kwenye C++ huleta balaa lake. Weka bendera ya kuacha, na uzi uliolala kwenye read uulaze kwenye poll pamoja na eventfd, ili uweze kuuamsha na kuuambia uache.

Printa ya risiti iliitwa kwa CreateProcess. Mkono wa mtu wa Unix hukimbilia fork. Kwenye programu yenye nyuzi, fork hunakili uzi ulioita peke yake. Zile nyingine hazimo kwa mtoto, lakini kufuli zilizokuwa zimeshika zimo, zimefungwa milele. Mtoto akiita malloc au printf kabla ya exec anaweza kuganda. Tumia posix_spawn.

Na Ctrl-C: Windows huunda uzi mpya kabisa wa kuishughulikia, kwa hiyo ndani yake mwandishi alifunga kufuli na kuandika faili bila shida. Kwenye Unix ishara hukatiza uzi wowote katikati ya kazi, pengine ukiwa umeshika kufuli hiyohiyo. Zuia ishara kwa pthread_sigmask mwanzoni mwa main, kabla hujaanzisha uzi wowote, kisha uwe na uzi mmoja wa kuzisubiri kwa sigwait. Huo uzi mmoja utakuwa huru kufanya yote aliyokuwa akiyafanya yule wa Windows.

Hatua ya 9: Jaribu kwa ukali

Kompaili na -fsanitize=thread. ThreadSanitizer hukagua kwa sheria za lugha bila kujali tabia ya prosesa iliyo chini yake, ndiyo maana iligundua kosa la hatua ya 6 nikiwa kwenye laptopu ya x86, ambako kosa lenyewe haliwezi kuonekana kwa macho. Inafanya kazi Linux, macOS na FreeBSD. Windows haina, na hiyo ni sababu nzuri ya kuhamisha programu hata kama hukusudii kuiacha Windows.

Zipe nyuzi majina kwa pthread_setname_np. Linux inakubali herufi 15 tu, na ile ya macOS hupokea jina peke yake kwa kuwa uzi hujipa jina wenyewe. Siku programu ikiganda, fungua gdb (chombo cha kuchunguza makosa) uandike thread apply all bt, na majina hayo yatakuonyesha nani anamsubiri nani.

Kisha endesha mchana kutwa kwa taskset kwenye kiini kimoja cha prosesa, halafu kwenye viini vyote, halafu huku programu nyingine inaitesa mashine. Mwisho niligawa waya wa mizani ukaingia kwenye kompyuta ya zamani na kwenye kibao kipya kwa pamoja, kwa wiki mbili, na kila jioni nikalinganisha risiti za pande mbili mstari kwa mstari. Jioni ya tisa zilitofautiana. Ya zamani ndiyo iliyokuwa imekosea.